Miguu ya Baba Chini ya Gari

Mjukuu wangu anapaka nguzo za ua oili chafu, mchwa wasizile, na harufu hiyo inanirudisha kwetu Njoro. Baba alikuwa chini ya kagari ka mzungu aliyemwandika kazi, anamwaga oili ya injini kwenye karai. Mara jeki ikateleza, gari likashuka kwa kishindo. Mimi na Mama tuliona miguu yake tu, haitikisiki.

"Baba watoto!" Mama akaita.

Oili ikatambaa hadi vidoleni mwangu, ingali ya moto. Mama akaita tena.

Baba akatema oili kwanza, ndipo akajibu: "Wacha kelele, mama watoto. Gari limekalia tairi niliyolaza hapa. Karai limepinduka, leta lingine."

Mama akaleta. Kisha akaishika miguu ya Baba yote miwili, hakuiachilia mpaka oili ikaisha.