Mbuzi wa Kazi Niliyokuwa Sijaikubali

Hadi leo nikisikia harufu ya pilau, hasira hunipanda. Baba yangu alichinja mbuzi kushukuru kazi ambayo mimi nilikuwa sijaikubali.

Nilikuwa na barua mbili. Moja ilitoka shule ya Adumi nilikofanya mazoezi ya ualimu: nifundishe fizikia, kwa mshahara kiduchu tena wa kuchelewa. Nyingine ilitoka shirika la wakimbizi hapa kwetu Koboko: nikae ofisini nijaze fomu, kwa mshahara mara nne ya ule. Nilitaka Adumi. Kule wanafunzi wangu walitengeneza kengele kwa msumari, nyaya na betri za tochi, na ilipolia darasa zima lilipiga kelele mpaka mwalimu mkuu akaja mbio. Sijawahi kufurahi vile. Mwalimu mkuu huyo alinipa hadi Ijumaa saa kumi nimjibu.

Kosa langu lilikuwa kumwonyesha baba barua zile. Baba ni askari mstaafu, hana mazoea ya kuuliza. Ijumaa ile nilirudi kutoka Arua nilikokwenda kuchukua vyeti vyangu, nikakuta ua umejaa majirani, sheikh amekaribishwa mkekani, shangazi zangu wanapakua pilau. Kwetu sadaka ya shukrani ikishaliwa, jambo limekwisha kupokewa. Ukilikataa, umemwaibisha mzee wako mbele ya Mungu na mtaa mzima.

Nilimvuta kando. "Baba, mimi sijasema ndiyo."

"Mbuzi imekwisha kufa," akasema kwa Kiswahili chake cha jeshini, wala hakushusha sauti. "Watu iko nakula. Wewe nataka mimi naambia wao nini?"

"Ungeniuliza kwanza!"

"Nauliza nini? Huku iko pesa. Kule iko misumari."

Misumari! Nilitamani kuipindua sinia ya pilau. Badala yake nikaenda kuketi na wageni.

Walipomaliza kula, sheikh akaanza dua, akaomba kazi yangu mpya ibarikiwe. Simu ikatetemeka mapajani mwangu. Alikuwa mwalimu mkuu; saa kumi ilikuwa imefika. Mikono yangu ilikuwa juu pamoja na ya wengine.

Huu mwaka wa tatu najaza fomu, na baba bado namkasirikia. Lakini siku ile hakunishika mkono, wala hakuniziba mdomo. Simu ilitetemeka mpaka ikanyamaza, na mimi nikaitikia amina.