Maji Yaliyoiva

Mume wangu alipofariki aliniachia nyumba ya mama yake hapa Zinga, eda, na samaki. Nyumba haikuwa yangu na eda sikuiomba. Samaki niliwataka.

Walikuwa vidagaa vya majaruba ya mpunga, wakikaa katika kabati la kioo alilopewa na Mhindi aliyemfanyia kazi dukani mjini, naye akaliziba nyufa kwa lami. Wa mwanzo walimfia wote, na maji meupe pe. Akajifunza kwa hasara kwamba maji mapya ni mabichi, lazima yaive. Mavi ya samaki na makombo huoza yakawa sumu isiyoonekana, na ule utando unaoteleza kwenye changarawe ndio unaoila sumu hiyo na kuigeuza mbolea ya majani. "Uchafu huu ndio mfagizi wangu," aliniambia. "Usiuguse."

Nami nikawekwa ndani, nimevaa nyeupe. Nilikuwa mtu wa shamba, wa kisimani, wa soga. Sasa wageni waliingia, wakanipa pole, wakatoka zao, na kila aliyetoka nilimchukia kidogo. Samaki peke yao hawakuwa na pa kwenda, kwa hiyo nikashinda nao.

Ilipokaribia arobaini, mama mkwe akaanza kusugua nyumba. Watu wanakuja kwenye hitima, alisema, wakute ukoga? Niliingia kuoga, na nilipotoka kioo kinang'aa, changarawe imesuguliwa kwa majivu na kusuuzwa, majani yako jalalani, maji ya kisima yamejaa pomoni.

"Mama, umewaua!" Nilipiga kelele, na mkwe hapigiwi kelele.

"Nimewaua kwa usafi? Makubwa!"

Hitima ikasomwa, wali ukaliwa. Siku zilizofuata samaki walipanda juu wakitweta, kisha mmoja mmoja wakageuza tumbo. Alipobaki mmoja, dawa niliijua: maji na tope la jaruba walikotoka. Jaruba lenyewe liko nyuma ya kijiji, mwendo wa chungu kuungua jikoni, na eda yangu bado hainiruhusu kutoka. Nikasimama mlangoni nikilia kwa hasira, nikilitaja jaruba, hata marehemu nikamwona ana makosa kwa kufa kwake.

Mama mkwe alinitazama, akachukua ndoo. Alirudi kanga imejaa tope hadi magotini, akayateka maji ya jaruba ndooni kwa kata, akayamimina taratibu, mpaka kabati likawa kama uji wa ulezi.

Tope lilipotua, samaki alikuwa hai, anahema chinichini. Mama mkwe akaketi sakafuni.

"Mwanangu," alisema, "mumeo nilimwogesha mimi tangu mchanga. Siku ya maziko wanaume wakanifungia mlango, wakamwosha wao. Nami nilitaka nimwoshee japo kitu."

Nikamletea maji ya kunawa miguu.