Kifumbu cha Mistari Myekundu

Kifumbu ni kijifuko cha ukindu cha kukamulia nazi. Unakuna nazi kwenye mbuzi, unaitia kifumbuni na maji kidogo, unasokota kwa mikono miwili, tui linashuka kwenye chungu. Bibi yangu, aliyenifunza kukisuka, alisema jina limetokana na kufumba, kama mtu anavyofumba kiganja. Huenda ni kweli, huenda si kweli; bibi yangu hakuwa mtu wa kubishiwa.

Kwetu Chole, zama zile za Mdachi, msichana alisuka kifumbu chake mwenyewe akaenda nacho kwa mumewe. Vyote nilivyopata kuviona vilikuwa na rangi ile ile ya majani makavu. Mimi na ujuaji wangu nikaona wanawake wa kisiwa kizima hawana akili. Nikachukua ukindu, nikauchemsha na gome la mkandaa kama tufanyavyo kwa mikeka, ukatoka mwekundu. Nikasuka kifumbu cha mistari, nikakificha kashani ili bibi asikione.

Nikaolewa kijiji cha Kanga. Fungate ilipokwisha nikaingizwa jikoni, na ami zake mume wangu wakaja kuonja mkono wa bibi harusi. Chakula kikiharibika siku hiyo, watu husema msichana hakufundwa, na wako waliorudishwa kwao wakajifunze upya. Nilijua hayo, lakini sikuwa na hofu.

Mama mkwe alikuwa nje akipokea wageni nilipokamua. Tui lilitoka na wekundu kidogo, nami, Mungu anisamehe, nikafurahi. Wali ulipoiva ulikuwa na rangi ya kutu. Nikaonja. Ulikuwa mchungu, unakausha ulimi. Na wageni walikwisha nawa mikono.

Mama mkwe akaingia, akautazama wali, akakitazama kifumbu, akaonja. Alibeba sinia mwenyewe, nami nikabaki nyuma ya mlango nikisikiliza. Ami mkubwa alitia tonge moja mdomoni akaacha kutafuna.

"Shemeji, wali huu kaupika nani?"

"Mimi," akajibu mama mkwe. "Mtoto kapepea moto tu. Uzee huu, shemeji, nimetia sijui kitu gani."

Wakala samaki, wali wakauacha. Nilipomuuliza kwa nini amefanya vile, alikuwa anakosha chungu na hakugeuka.

"Mimi siku yangu niliunguza. Mama mkwe wangu akanyamaza, watu wakacheka. Nilirudishwa kwetu nikakaa mpaka mavuno. Ukindu wa rangi ni wa mkeka, mwanangu. Kifumbu hakipambwi."

Tokea hapo akawa hana raha. Kila arusi, kila hitima, ami mkubwa alimtania: leo wali ni wa shemeji au wa watu? Na yeye, mpishi ambaye Kanga nzima ilimwita kwenye shughuli zake, alicheka pamoja nao. Mimi nilikuwa nimekaa papo hapo, mke wa watu, mama wa watoto, na sikufungua mdomo. Hata siku moja hakunitupia jicho. Niliona haya, na kila mwaka uliopita haya zile zilizidi kuwa ngumu kuzisema.

Alipofariki mama mkwe, siku ya kuondoa matanga, wali ulipoletwa nilishindwa kula. Nikamfuata ami mkubwa barazani. Alikuwa mzee sana, anakula polepole.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba."

"Wali ule mchungu niliupika mimi."

Akamaliza tonge lake kwanza.

"Shemeji yangu hakupata kuharibu wali, hata siku aliyofiwa na mumewe," akasema. "Tulijua siku ile ile, mwanangu. Tulikuwa tukimtania yeye ili asikuulize mtu wewe."