Nyumba Wanayoizunguka Tembo

Shangazi yangu alikuwa akilipwa kutazama majani. Najua atanisuta akisikia nimesema hivyo, lakini ndiyo kazi yenyewe. Katika ofisi yenye madirisha mawili na feni moja mbovu, alikaa mbele ya kompyuta akifungua picha za kamera zilizofungwa mitini, zile zinazojipiga zenyewe kitu kikipita. Upepo ukitikisa majani, picha. Ngedere akijikuna kwapa, picha. Katika picha elfu moja labda mbili zina tembo, na kwa ajili ya hizo mbili wafadhili waliendelea kutoa ruzuku. Ofisini walimwita Darubini, kwa miwani yake minene na kwa kuwa hakuna kilichompita.

Ruzuku ilikuwa ya ushoroba, yaani ukanda wa ardhi unaounganisha misitu miwili ili wanyama wakubwa wasikwame upande mmoja kama kuku kwenye tenga. Sharti la wafadhili lilikuwa moja: ndani ya ukanda pasiwe na kizuizi. Na katikati ya ukanda huo palikuwa na nyumba ya vyumba vitatu ya babu yangu, baba yake shangazi. Babu alizoea kutusimulia tembo wanaopita kando ya jiko lake bila kumsumbua, nasi tukichukulia kuwa ni hadithi za mzee.

Fomu ya kwanza aliijaza shangazi. Palipoulizwa kama mkazi amekubali kuhama, alikwenda kumuuliza baba yake. Mzee akatazama chini, hakutia neno. Shangazi akarudi ofisini akaandika kwamba amekubali. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mtu mzima kama yeye alipaswa kulijua hilo. Nyumba ikabomolewa, mawe ya msingi yakang'olewa na kupakiwa kwenye lori, pasibaki hata tofali. Babu akapangishiwa chumba mjini, akafia humo kabla ya mwaka kwisha. Nasema wazi, nilikuwa na kinyongo na shangazi, na msibani nilimsalimia kwa mkono tu.

Kwa miaka mitatu kamera namba tisa, iliyofungwa kwenye mti uliokuwa uani kwa babu, ilitoa majani matupu. Mwishowe wafadhili wakaandika kwamba msimu ukiisha bila mnyama kuonekana akivuka, ruzuku itasimama na ukanda utakatwa mashamba. Shangazi akaanza kukonda. Siku moja aliniambia, ameshika kikombe kilichokwisha kupoa, kwamba tembo wasipopita atakuwa amemuua baba yake bure. Ndivyo nilivyofikiri na mimi.

Ndipo walipopita. Shangazi alikuja karakana kwangu, mimi ni seremala, akaifungua kompyuta juu ya meza ya kurandia. Nilidhani atakuwa na furaha, kumbe uso ulikuwa umemsawijika.

Walikuwa tembo kumi na mmoja, saa tatu asubuhi, mstari mmoja. Wanakuja moja kwa moja, kisha katikati ya nyasi tupu wanakata kona. Hatua kadhaa, wanakata kona nyingine. Juma lililofuata hivyo hivyo, na lililofuata hivyo hivyo. Hata ndama walikata kona, na hao hawakuwa wamezaliwa nyumba ilipokuwepo.

Nikamwambia tembo hasahau: yule jike mkubwa anaikumbuka nyumba, wengine wanafuata mkia. Nilijiona mwerevu kweli. Shangazi akaniambia nichukue futi yangu ya kupimia.

Tulikwenda na askari wa wanyamapori, aliyebaki mbali, bunduki mkononi, na hakutaka kusogea hata tulipomwita. Njia ilikuwa imekanyagwa mpaka udongo ukawa mgumu kama sakafu, lakini ndani ya mzunguko wake nyasi zilisimama bila bua moja kuvunjika. Hapakuwa hata na panzi. Nikapima. Ukuta wa mbele, sawasawa na nilivyoujua. Magharibi, sawasawa. Upande wa mashariki njia ilichomoza nje, ikazunguka kipande kingine, ikarudi. Futi kumi kwa kumi na mbili.

"Hapo wamekosea," shangazi alisema. "Baba hakuwa na chumba hapo."

Nilikaa chini. Miezi miwili kabla ya kuhamishwa, babu alikuja karakana peke yake kuniagiza fremu ya mlango. Anaongeza chumba mashariki, alisema, futi kumi kwa kumi na mbili, nami nisimwambie mtu. Sikumwambia mtu. Hapakuchimbwa msingi, hapakuchomekwa hata kijiti. Fremu niliimaliza, hakuja kuichukua, na hadi leo iko stoo nyuma ya mbao, nimeitundikia koti kuukuu.

Habari ya fremu niliimeza, kwa aibu ya lile koti. Nilimwambia tu kwamba babu alikuwa na mpango wa chumba cha nne.

"Chumba cha nani?"

"Chako. Ukistaafu urudi nyumbani."

Hakulia. Alirudi ofisini akajaza fomu: kizuizi hakuna, wanyama wanapita, na nyumba haikuwa kizuizi tangu mwanzo. Meneja akaifuta sentensi ya mwisho, eti itawachanganya wafadhili. Ruzuku ikatoka, ofisini wakanywa soda. Nilikasirika kuliko shangazi mwenyewe, kwa sababu tembo walikuwa radhi kuzunguka siku zote, na sisi ndio tuliomng'oa mzee.

Siku hizi shangazi amestaafu. Kila Alhamisi askari humsindikiza mpaka pale, yeye huingia na kigoda chake akakaa upande wa mashariki hadi mchana. Juzi nilimfuata. Nikamwona katikati ya nyasi, nikakata njia ya mkato kumwendea.

"Usipite ukutani," alisema bila kugeuka. "Nenda mlangoni, upige hodi."

Mimi ni mbishi tangu utotoni, lakini nilizunguka. Nikasimama palipokuwa na mlango wa mbele, nikapiga hodi, nikimwonea haya yule askari. Upepo ulikuwa umekata. Shangazi aligeuza uso kuelekea chumba cha mbele, akasikiliza kwa adabu mpaka mwingine amalize kusema, kisha akanitazama.

"Anasema karibu," akaniambia. "Anauliza fremu yake utaitundikia koti mpaka lini."