Besi ya Jikoni

Mwanangu, Jumapili ile naikumbuka kwa ukungu wake. Ulipanda kutoka bondeni ukaingia mpaka jikoni, ukanikuta nimekaa karibu na moto, pale pale ninapokaa Jumapili zote. Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Redio ilituhimiza tuishi pamoja na tulime pamoja. Mimi nilisema kulima nitalima na wenzangu, lakini kusali nitasalia hapa hapa. Mungu kwangu anapajua. Nilikuwa nimefika kidato cha nne, basi majibu ya namna hiyo hayakunipungukia.

Mama alilala chumba cha pili. Miguu ilikuwa imemgomea tangu mvua za vuli, na kwenda kanisani kwetu ni kupanda mlima. Miguu hakuilalamikia. Alichokililia ni ule wimbo wa kufungia ibada.

"Niimbie basi," akasema.

Sauti niliyoijua ni besi, niliyofundishwa kwenye kwaya ya shule. Nikaunguruma ubeti mzima, kifua mbele.

"Mwanangu," Mama akauliza, "huyo ng'ombe amekwama wapi?"

Mke wangu alicheka mpaka mwiko ukamtoka mkononi.

Kumbe mwinjilisti wetu, mzee wa makamo ya baba yangu, alikuwa mlangoni, amekuja kumjulia Mama hali. Nikamwamkia.

"Marahaba, mgosi. Besi yako safi." Nikavimba. "Ila kazi ya besi ni kuwashikilia wenzake. Hapa unamshikilia nani, sufuria?"

"Mungu ananisikia, Mwinjilisti."

"Anakusikia sana. Na mama yako?"

Nikachokoa moto. Moto wenyewe haukuhitaji kuchokolewa.

"Alasiri tutakuja kumwimbia," akasema. "Wewe kaa tu hapo ulipozoea."

Wakaja kweli, kanga zimelowa, mmoja ana kuni kichwani, mwingine mapeasi ndani ya kikapu. Wakajaa chumbani, waliobaki wakajibana jikoni kwangu. Wanawake wakaanza, vijana wakaitikia, lakini chini palikuwa na pengo: besi yao yote ilikuwa babu mmoja mwenye kikohozi. Akanitazama. Mwinjilisti hakunitazama kabisa, na hilo ndilo lililoniuma. Nikainuka kwenye kigoda, nikasogea mlangoni kwa Mama.

Ule mngurumo wangu ulipoingia chini ya sauti zao, mwanangu, hata mimi nilishtuka. Mama alifumba macho, midomo ikawa inafuata maneno. Walipomaliza akasema taratibu, "Haya. Sasa ng'ombe katoka."

Jumapili iliyofuata nilipanda mlima. Nilisimamishwa mbele ya usharika, wakaulizwa kama wananipokea, wakajibu kwa sauti moja. Nami mtu wa moto wa jikoni nikatafuta leso.

Kwa hiyo nakuambia wewe unayesali kitandani umejifunika blanketi: endelea, hata mimi bado nasali jikoni, ndiko kwenye joto. Lakini jiunge na kanisa. Mungu amekupa sauti moja tu ya wimbo wake, na nyingine amewapa majirani zako. Itafika siku koo lako litakauka kwa huzuni, nao watakuimbia. Itafika siku yao, utawashikilia.

Mungu akuweke kati ya watu watakaoona pengo usipofika, na akupe miguu ya kupanda mlima. Mimi naomba pia asiuzime moto wa nyumbani kwako, maana ibada ikiisha, lazima mtu arudi.