Kinga ya Ngoma Nne

Mpiga ngoma wetu amekufa. Habari nimeletewa na mchuuzi wa tumbaku aliyetoka Nakapanya, naye aliitoa juujuu tu, katikati ya habari za mvua na habari za simba waliokula punda wake. Amekufa kwa homa, akazikwa kabla ya adhuhuri na majirani zake Waislamu, maana huko ndiko alikokuwa amehamia na dini yao ndiyo aliyoishia. Nilikasirika, sifichi. Wasomaji wangu wa siku zote mnajua kwamba nafasi hii siwapi marehemu wakubwa, kwa kuwa hao wana watu wao wa kuwasifu. Huyu hakuwa mkubwa. Lakini hapa Songea, kabla ya ile vita ya maji, msiba bila yeye haukuwa msiba. Alikuwa na ngoma nne alizorithi kwa mjomba wake, moja kubwa, mbili za kati na moja ndogo yenye sauti kali, na kijijini kwao maiti aliyefukiwa bila ngoma hizo alihesabiwa kuwa bado yuko njiani, hajafika kwa wenzake. Kwa hiyo alizitunza kuliko alivyojitunza yeye. Zililala juu ya kichanja cha jikoni ili moshi ufukuze wadudu, na mkewe alijua kwamba chungu kikifurika na kuinua mvuke mwingi, ugomvi wa siku hiyo utasikika hadi kwa jirani wa tatu.

Mimi nilimfahamu nikiwa kijana wa dukani kwa Mhindi mmoja karibu na boma la Wadachi, ndio Wajerumani. Mwaka ule uvumi ulianza kupanda kutoka pwani kwamba kuna dawa ya maji inayogeuza risasi kuwa matone, na kwamba Wadachi siku zao zimekwisha. Watu walianza kuficha mbegu, mbuzi na watoto wa kike. Yeye alikuja dukani akasimama mbele ya meza, akauliza kama bwana wangu anaweza kumhifadhia ngoma zake ghalani. Mhindi, ambaye alipenda kueleza mambo ya pwani, akamwambia kwamba kule kuna kitu kinaitwa bima: mwenye mali hutoa kidogo kidogo, na mali ikiungua au ikizama hulipwa thamani yake. Jamaa yangu alisikiliza kwa heshima.

"Na mimi nalipwa nini?" akauliza.

"Thamani ya ngoma. Ngozi, mti, kazi ya fundi."

"Hiyo ni ya kwangu. Na mjomba analipwa na nani?"

Mhindi akacheka, akaongeza kwamba vyovyote iwavyo bima ya namna hiyo haigusi vita. Vita ikija, kila mtu na mzigo wake. Hapo jamaa yangu naye akacheka, ila kicheko chake kilikuwa kikavu. "Basi mnatuuzia mwavuli wa kiangazi," akasema, akanigeukia mimi. "Mlongo wangu, ndugu yangu, kaa hapohapo dukani. Hawa hawatakudanganya, maana hata uongo wao wanauandikia masharti." Akaenda zake.

Ikabaki kinga ya pili, na hiyo ilimfuata mwenyewe. Mganga wa maji alipofika vijijini kwao, wanaume walipanga mstari, wakanywa, wakapakwa, na jamaa yangu alikuwa miongoni mwao. Aliamini, msimcheke. Aliamini kama walivyoamini watu wenye akili kuliko mimi, kwa sababu alikuwa amebebeshwa mizigo ya Wadachi na mgongo wake ulikuwa na alama za kiboko. Lakini mganga aliposema na ngoma nazo ziletwe zinyunyizwe, ili zisiguswe na moto wala risasi, alikataa katakata. Ngozi ya ngoma haitiwi maji ikishawambwa. Inalegea, sauti inakufa, na ukiikausha kwa haraka inachanika pembeni kwenye vigingi. "Mimi nikilowa nakauka," alimwambia mganga mbele ya watu. "Ngoma haikauki ikawa ileile." Watu walimwona mjuzi tu wa kazi yake, wakamwacha. Hakuna aliyemuuliza, na mimi nilikuja kujiuliza baadaye sana, ilikuwaje dawa aliyoiona haitoshi kwa ngozi ya mbuzi akaiona inatosha kwa ngozi ya mtu.

Kinga ya tatu aliitafuta kwa siri. Yeye na mkewe walizifunika ngoma kwa mabua ya mtama ndani ya matenga, wakazibeba hadi misheni, kwenye nyumba ya matofali. Padri alifurahi mno. Alidhani huyu mpagani amekuja kutupa mambo ya kale, akazifungia chumbani nyuma ya kanisa na kumpa rozari. Jamaa yangu akaivaa ndani ya nguo hadi kona ya njia, kisha akaivua. Hesabu yake ilikuwa fupi, na naona wengi wetu hadi leo tunapiga hesabu hiyohiyo tukiwa kati ya wenye nguvu wawili. Maji yakishinda, yeye amekunywa maji. Wazungu wakishinda, ngoma ziko kwa Wazungu. Alirudi nyumbani akalala vizuri, na mkewe ndiye aliyeuliza: itakuwaje wakikutana? Njia mbili zilimshinda fisi, na fisi angalau hakuwa na mke wa kumwonya.

Wakakutana. Kikosi chao cha wapiganaji wa maji kilipewa amri ya kuchoma misheni, na nyumba ile ya matofali ilikuwa na paa la nyasi, kitu ambacho mjuzi wa moshi na moto kama yeye alikiona tangu siku ya kwanza akakipuuza kwa kuwa kuta zilimpendeza. Mapadri walikuwa wamekwisha kimbia. Walimkuta mtumishi mmoja wa kanisa, mtu wa huku huku, wakamchoma mikuki mlangoni akiwa bado anaomba kwa Kingoni, akiwaita ndugu. Damu yake ilifanya ngazi iteleze. Jamaa yangu alikuwa na kinga cha moto mkononi, ukuni unaowaka kabisa. Mkuu wa kikosi, shemeji yake wa mbali, akauliza kwa sauti kama mna kitu humo ndani cha mtu yeyote kabla hawajawasha. Liliulizwa hivyo, waziwazi, kwa sababu watu walijua wapo walioficha vitu kwa Wazungu, na walitaka kuwajua.

Haya alinisimulia mwenyewe, miaka mingi baadaye, huko Nakapanya, tukila muhogo wa kuchoma mbele ya nyumba yake, Wadachi nao wamekwisha ondoka. Alisema aliangalia chini. Alisema aliona wenzake wanamtazama mtumishi pale ngazini, na mikuki bado inachuruzika. Akanyamaza. Kisha, ili asishukiwe, akawa wa kwanza kutupa moto juu ya paa.

"Nyasi zilishika mara moja," aliniambia. "Nikangoja. Unajua ngozi ikipata joto inakaza, na sauti inapanda. Boriti zilianza kuzidondokea, na kila boriti ikidondoka inapiga. Wenzangu wakauliza ni nini hicho kinalia humo. Ile ndogo ilipasuka kwanza. Halafu za kati, moja, halafu nyingine. Kubwa ilichelewa."

Yaliyofuata niliyaona kwa macho yangu, kwa kuwa bwana wangu nami tulikuwa tumekimbilia ndani ya boma. Nilisikia bombomu, ile bunduki ya Wadachi inayomwaga risasi bila kupumua, ikiwakata watu waliokuwa wakija huku wakipaza sauti "maji, maji". Mmoja alifika karibu na ukuta nusu yake tu, anajivuta kwa viwiko. Kisha askari wakatoka kuchoma vijiji, maghala na mashamba, kwa utulivu wa watu wanaopalilia. Kisha kamba. Waliwanyonga wakubwa wetu hadharani, tukalazimishwa kutazama, na wakafukiwa kwa pamoja bila ngoma hata moja kuwasindikiza. Njaa ikaja kumalizia kazi. Mke wa jamaa yangu alikufa akiwa anachimba mizizi, mdomo umejaa udongo, naye akamzika kimya. Waliosalia kijijini wakamletea gogo na ngozi mpya, wakamsihi awambe ngoma, awapigie walionyongwa na walioliwa na fisi porini, ili wafike. Alikataa, akafunga mzigo wake, akaenda kwa Wayao huko Nakapanya, mahali ambapo hakuna aliyejua kwamba aliwahi kupiga ngoma.

Siku ile ya muhogo nilimbana, kwa kuwa mimi nina ulimi huu na sikuwahi kujifunza kuufunga. Nikamuuliza: wewe ulipoulizwa mna kitu cha nani humo, kwa nini hukusema ni zangu?

"Wangeniua," akasema.

"Kwa hakika wangekuua."

Akageuza kipande cha muhogo kwenye makaa, akakiacha kiungue. "Wangeniua, halafu wangezitoa," akasema. "Hakuna mtu wa kwetu angeacha ngoma za misiba ziungue. Wangezitoa, wakanizika kwazo mimi, na baada yangu wakawazika wale wote."

Nasikia siku hizi kuna mawakala wa bima wanaopita na aina nyingi za kinga, na vijana wananiuliza ipi ni bora kwa matarumbeta na vinanda vyao. Chagueni mtakayo, sina ugomvi nayo. Mimi najua mtu mmoja aliyekuwa na kinga mbili, ya maji na ya misheni, na siku ya moto aliweza kuitaja moja tu mbele ya wenzake. Kinga ambayo huwezi kuitaja siku ile hukuwa nayo. Na watu wa kijiji chake, mpaka leo, bado wako njiani.