Kadi Isiyosogea

Programu ile niliichagua kwa kinyongo, na asitokee mtu wa kuniambia kwamba nilifanya utafiti mzuri.

Tulikuwa watu tisa katika ofisi moja pale Themi, tukitengeneza mifumo ya kompyuta kwa ajili ya nyumba za wageni na mashamba ya maua ya Usa River. Kazi tuliigawa vipande vya wiki mbili mbili, kila kipande tukakiandika kwenye kadi na kuibandika ukutani. Majina hatukuandika. Mkuu wa miradi alikuwa mzee aliyekuja kwetu baada ya shirika lake la umma kubinafsishwa, na nani angembandikia kadi mtu anayemwamkia shikamoo kila asubuhi? Basi kazi iliyokwisha ikawa yake, na iliyochelewa ikawa yetu.

Mfumo wa kupokea wageni niliuandika mimi, masika yote. Siku ya kumwonyesha mama mkurugenzi, mzee alisimama akaueleza nusu saa nzima. Mama akauliza mimi nilifanya nini.

"Huyu binti alinisaidia kuchapa," alisema mzee.

Nilitabasamu nikamimina chai. Tangu siku hiyo nilikitaka kiti chake, na nilitaka akiache kwa aibu, mbele ya watu walewale.

Mama aliponiagiza nitafute programu ya kutuondolea zile kadi za ukutani, nilijaribu tatu. Ya kwanza ilikuwa rahisi kutumia, ya pili ilipendeza macho. Ya tatu ilichosha kama fomu ya kodi, lakini haikukubali kadi isiyo na jina la mtu, na ilitunza kumbukumbu ya kila aliyefungua kadi, na saa aliyoifungua. Kwenye ripoti niliandika kwamba italeta uwazi. Mzee mwenyewe aliipigia debe.

Haikupita miezi miwili, kadi ya oda za shamba la maua ikaangukia jina lake. Haikusogea. Nilijua hajui aanzie wapi, na nilijua ningeimaliza kwa siku mbili. Nikajikausha. Kila asubuhi niliifungua, nikaiona imelala palepale, nikanywa chai yangu taratibu. Sijawahi kunywa chai tamu kama ile.

Shamba lilipoleta malalamiko, mama alituita wote, akaifungua kadi kwenye skrini.

"Tulikuwa tunasubiri vijana wamalize," mzee alianza.

"Vijana gani, mzee? Hapa naona jina lako tu."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. Nilifurahi mno, na sioni sababu ya kulificha hilo hata leo.

Lakini mama hakuifunga kadi. Alishuka mpaka chini, kwenye kumbukumbu, akasoma polepole. Jina langu lilikuwa pale saa mbili asubuhi, siku tisa za kazi mfululizo. Nimefungua, nimefunga.

"Na wewe, mwanangu," akauliza, "ulikuwa unaangalia nini?"



Mzee alirudi kijijini Nkoaranga, kwenye shamba lake la kahawa, kabla mwaka haujaisha. Kiti chake alipewa mwenzangu wa meza ya mlangoni, ambaye hakuwahi hata kukitamani. Mimi nilipewa ile kadi, jina langu likaandikwa juu yake mbele ya wote.

Niliimaliza kwa siku mbili.